Mashimo ya Ming'oko

Juzi nimenunua ming'oko pale Rahaleo, hapa mjini, kwa mama mmoja aliyeketi na beseni lake kando ya duka la mkaa. Ilikuwa mibichi, imefungwa mafungu kwa kamba za mgomba, na ilikuwa bado na ule udongo mwekundu wa kwetu juu. Kama wewe si mtu wa kusini huenda huijui. Ni mizizi ya porini, myembamba, ndugu zake viazi vikuu, ila hii hakuna aliyeipanda. Unaichemsha, unaibana kwa vidole mpaka ganda liteleze, unachovya kwenye chumvi iliyotwangwa na pilipili, unakula. Wengine husema haina ladha. Sitawabishia, maana kila mtu na ulimi wake.

Nilipoigeuza mkononi nikaona kila mng'oko una kichwa chake. Kichwa ni pale juu, mzizi unapoungana na ule mti wake unaotambaa. Kigumu, kichungu, hakiliwi. Nikamwambia yule mama, "Dada, mbona mmeing'oa na vichwa?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini kuku ana miguu. "Mama, wewe unataka ming'oko au unataka mazungumzo?"

"Nataka vyote viwili."

Akacheka. "Haya. Nikikiacha mimi, atakichukua mwenzangu. Fungu moja au mawili?"

Nikachukua mawili, nikaondoka. Njiani nikawa namuwaza bibi yangu, na nikifika kwa bibi siwezi kurudi haraka. Kwa hiyo na wewe uniwie radhi, maana nitakupeleka mbali kidogo. Nitasema ninavyokumbuka. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, na mtoto huona mambo akiwa chini, kwa hiyo mengine yalinipita juu ya kichwa.

Nimezaliwa kule juu, kwenye uwanda wa Wamakonde, katika kijiji kilichopakana na msitu wa hifadhi. Msitu ulikaa pale ardhi inapoishia na kuanza kuporomoka, ukishikilia ukingo kama pindo la kanga. Ukisimama mahali penye mwanya ulikuwa unaona bonde lote la Ruvuma chini, mchanga mweupe wa mto, na ng'ambo yake vilima vya Msumbiji vikiwa na rangi ya majivu. Sisi tuliokuwa juu tulikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Maji yalikuwa chini, kwenye chemchemi iliyotoka miguuni mwa msitu. Kushuka ni rahisi. Kupanda na ndoo kichwani ndiko kulikotufundisha kumtaja Mungu.

Asubuhi za kipupwe ukungu ulikuwa unatoka msituni unaingia kijijini bila hodi. Nguo zilizoanikwa zililowa upya. Kabla ya adhana komba walikuwa wanalia, sauti kama ya mtoto anayedeka, na bibi alikuwa akisema, "Komba ameshaamka, wewe unangoja nini? Washa moto." Jua likitoka hondohondo walipita juu ya paa, na mabawa yao yana kishindo, fwaa fwaa, kama mtu anayepepeta mtama. Na sange. Huyo ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga wa tembo aliyekosea kuzaliwa. Alikuwa anakatiza njia ya chemchemini, anasimama, anatikisa pua, anarudi alikotoka. Tulikuwa tunamcheka kwamba amesahau kitu nyumbani.

Mwalimu wetu wa sayansi alituambia siku moja kwamba ndani ya ule msitu imo miti ambayo haimo mahali pengine popote duniani. Darasa zima tukacheka. Tulidhani anatupamba ili tukae kimya. Mti ni mti, na kama ungekuwa wa ajabu, Mungu angeuweka kwa matajiri. Mwalimu hakukasirika. Alisema tu, "Chekeni, lakini mkicheka muwe mnautazama." Mimi sikuutazama. Nilikuwa nautazama mzigo wangu wa kuni.

Aliyenilea ni bibi mzaa mama. Kwa desturi za kwetu bibi ana haki ya kumtania mjukuu, na mimi alikuwa ananiita mke mwenzangu, kwa sababu eti babu anatupenda sote wawili na mimi ndiye mdogo. "Mke mwenzangu, leta maji, mume wetu atanawa." Babu alikuwa mkimya, hucheka kwa mabega tu.

Mvua zikishakatika, majani ya ming'oko yakianza kugeuka manjano, bibi alikuwa ananichukua msituni. Kila mwanamke alikuwa na eneo lake, alilorithi kwa mama yake. Eneo la bibi lilikuwa karibu na mti mmoja mkubwa uliopinda kama mtu anayechutama kutafuta kitu. Alikuwa na jembe lililochakaa hadi likabaki dogo kama upawa, na mti uliochongwa ncha. Anafuata ule mmea unaotambaa mpaka ulipozama ardhini, anachimba polepole kwa pembeni, anaukata mng'oko chini ya kichwa, anautoa. Kisha kile kichwa anakiacha pale pale na mti wake, anarudisha udongo, anatandaza majani makavu juu, anapigapiga kwa kiganja, na anasema maneno. Aliyasema kwa Kimakonde. Kukiandika sina hakika na herufi zake, kwa hiyo nitayaleta kwa Kiswahili: "Lala, mwakani tuonane."

Mimi nilikuwa nadhani ni dua. Nilipomuuliza alicheka. "Dua gani? Ukiondoka kwa mtu, huagi?"

Na kanuni yake kubwa ilikuwa hiyo, kwamba aliyekula asiache shimo wazi. Mtu aliyeacha shimo alisemwa chemchemini mpaka akatamani kuhama.

Jirani yetu alikuwa anakuja pamoja nasi. Nyumba yake ilitazamana na yetu, na alikuwa anamwita bibi "mama" ingawa hawakuwa na damu moja. Mumewe alivuka Ruvuma kwenda kutafuta kazi Msumbiji na habari zake zikawa za kusikia kwa watu. Watoto walikuwa wengi, na wa mwisho alikuwa bado mgongoni. Alikuwa mashoto. Anachimba kwa mkono wa kushoto, na udongo wake unaruka upande usio wa watu wote. Bibi alikuwa hamwachi hivi hivi. "Mwanangu, ukichimba wewe hata udongo unauliza uende wapi." Naye anajibu, "Uende kwako mama, wewe ndiye mwenye eneo." Wanacheka mpaka mtoto mgongoni anaamka.

Tukirudi ming'oko inaingia kwenye chungu, maji yanakuwa kahawia, na nyumba nzima inanukia udongo mtamu. Tulikuwa tunaila ukumbini kwenye mkeka, mikono yote kwenye ungo mmoja. Babu alipenda ile mirefu iliyopinda. Mwaka wa mihogo mizuri ilikuwa ni kitafunwa. Mwaka mbaya ndiyo iliyokuwa chakula chenyewe, asubuhi na jioni, na watu wakashukuru.

Sasa niseme na mengine, maana nisije nikakufanya udhani msitu ulikuwa pepo na sisi malaika. Misumeno ilikuwa imeshaanza. Wapasua mbao walichimba shimo, wakalaza gogo juu, mmoja akasimama juu na mwingine chini, na sauti yao ilikuwa inakuja na upepo kutwa nzima, hii-hoo, hii-hoo. Mivule ilianza kwisha, kisha mininga. Mjomba wangu mwenyewe alikuwa anabeba mbao kwa ujira, na mabati ya kwanza ya nyumba yetu yalitoka humo. Nililala chini ya mabati hayo na nililala vizuri. Vijana nao walikuwa wanachoma nyasi kuwinda panya na ndezi, na moto hausomi mpaka. Korosho ilipopanda bei kila mtu akataka shamba, na ardhi iliyobaki ilikuwa upande ule tu. Hakuna aliyekuwa adui wa msitu. Kila mmoja alikuwa na haja yake, na haja zote zilielekea njia moja.

Ndipo akaletwa bwana miti. Alikuwa mtu wa Iringa, Mkristo, kijana bado, mrefu, mwenye sweta ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alipaka rangi nyekundu kwenye miti ya mpakani, akasimamisha kibao, akasema kuanzia sasa hakuna kuingia. Si kukata tu, hata kuni, hata dawa, hata ming'oko.

Watu hawakumpenda, lakini nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anakaa barazani kwetu akila mihogo ya kuchemsha, akimwamkia babu vizuri. Vijana walimtania, "Bwana Miti, karibu panya, leo wamenona." Naye akajibu, "Nitakula siku mtakapoacha kuwachomea nyumba zao." Alituambia watoto kwamba ile chemchemi inakunywa kutoka kwenye msitu, na msitu ukiondoka nayo itaondoka. Sijui kama tulimwelewa. Mimi nilifurahi tu kwamba mtu mkubwa anazungumza na sisi.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Mihogo ikabaki myembamba kama vidole, mtama ukakaukia njiani. Ming'oko ilikuwa ipo, kule ndani ya rangi nyekundu. Basi watu wakaanza kuingia kwa kuvizia. Bwana miti akielekea upande huu, wao wanapitia upande ule. Unasikia mtu anakohoa nyuma ya nyumba, ukimwangalia ana ndoo ya maji, na chini ya maji kuna ming'oko.

Bibi hakwenda. Jirani alikuja kumshawishi, nilikuwepo nikitwanga.

"Mama, twende. Nani atatuona?"

"Siwezi kumwibia mama yangu."

"Mama yako marehemu, njaa iko hai."

"Najua. Chukua hapo mihogo kidogo, kawapikie watoto."

Kidogo kweli. Alimgawia kwenye kile ambacho na sisi hakikututosha, na jirani akakipokea bila kumwangalia usoni.

Bibi aliamua kwenda ofisi ya kijiji mchana, watu wote wakiona, kumwomba bwana miti ruhusa. Alijifunga kanga yake ya sherehe. Alinichukua mimi nimshike mkono, ingawa alikuwa na nguvu kuliko mimi. Ofisini alikuwepo mwenyekiti wa kijiji na watu kadhaa waliokuja kwa shida zao.

Bwana miti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Bibi, ningekuruhusu. Lakini nimeingia kule wiki hizi, nimekuta mashimo kila mahali kama wamepita nguruwe. Mmea ukishang'olewa hivyo haurudi. Mnaumaliza wenyewe."

Bibi akashtuka. "Mashimo ya wazi?"

"Ya wazi."

"Basi si yetu. Sisi tunafukia."

"Bibi, si nimeyaona kwa macho yangu."

"Umeyaona ya watu wengine. Twende kwenye eneo langu. Pale anachimba mtu wa nyumba yangu tu. Ukikuta shimo wazi hata moja, sikanyagi tena humo mpaka nafukiwa mimi."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akasema, "Mama, maneno hayo mazito."

"Ndiyo maana nayasema mchana."

Bwana miti akauliza, "Na nisipolikuta?"

"Uniache niwe naingia. Mimi na wenzangu tunaofukia. Ukitaka uje, ukae juu ya gogo, ututazame."

Akafikiri, akatabasamu. "Sawa, bibi. Nikilikosa nitakubebea hata kikapu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikaona tumeshashinda. Nilikuwa na uhakika kama mtu anayejua nyumbani kwao kuna nini.

Tulikwenda wakati huo huo: bibi, bwana miti, mwenyekiti na mimi. Msitu ulikuwa baridi, unanukia majani yaliyolowa. Nilikuwa sijaingia miezi mingi, na njia yetu ilikuwa imeota nyasi, jambo lililonifurahisha, nikaona ni ushahidi. Bibi alitangulia akisema huku na huku, "Huu dawa ya tumbo. Huu ukiuchoma unapasuka." Bwana miti akawa anauliza majina, na mengine akamwambia kwa lugha ya vitabu, wakawa kama watu wanaobadilishana tumbaku. Nilidhani wanakwenda kuwa marafiki. Na nadhani hata wao walidhani hivyo.

Tulipofika kwenye ule mti uliopinda, bibi akasimama.

Ardhi yote pale ilikuwa mashimo. Udongo umetupwa, mimea imekatwa na kulala kifudifudi, majani yake bado hayajanyauka sawasawa. Vichwa havikuwepo. Vilikuwa vimekwenda pamoja na mizizi yake, kwa haraka, kama vile mtu anayeondoka na mlango pamoja na bawaba. Sange mmoja alitoka kwenye shimo, akatutazama, akakimbia.

Mimi nilitazama udongo. Ulikuwa umerukia upande wa juu wa kila shimo, upande usio wa watu wote. Nikamtazama bibi, na nikajua ameona kabla yangu. Jirani alikuwa amechimba na bibi pale miaka yote. Lilikuwa eneo analolijua hata gizani.

Mwenyekiti akakohoa. Bwana miti alikuwa ameinamisha kichwa. Ningependa kuandika kwamba alifurahi kushinda, ingekuwa rahisi kumchukia, lakini hakufurahi. Alisema, "Bibi, haya hukuchimba wewe. Hata mimi naona. Mtu amekuingilia."

Bibi akasema, "Ni ya nyumba yangu."

"Ni nani basi? Nitajie, wewe nikuache."

"Nimekwambia, ya nyumba yangu."

"Lakini si wewe."

"Sikusema ukikuta niliyochimba mimi, baba. Nilisema ukikuta."

Akapiga magoti na ile kanga yake ya sherehe. Akaanza kurudisha udongo kwenye mashimo kwa mikono, moja baada ya jingine. Nikamsaidia. Baada ya muda bwana miti akakunja mikono ya sweta naye akapiga magoti, na mwenyekiti, kwa kuwa hakuweza kubaki amesimama peke yake, akainama pia. Bibi alitandaza majani, akapigapiga kwa kiganja. Nikasubiri maneno. Hakuyasema. Hakukuwa na wa kumuaga.

Tukirudi tulipita mbele ya nyumba ya jirani. Alikuwa uani anapepeta pumba. Bibi akamsalimia kama siku zote, akamuuliza hali ya mtoto. Jirani akaitika, macho kwenye ungo. Magoti ya kanga ya bibi yalikuwa mekundu kwa udongo, na hakuna mwanamke wa kule asiyejua magoti mekundu yanatoka wapi.

Bibi hakuingia tena. Bwana miti alikuja mara mbili tatu kumwambia yeye ana ruhusa, aingie siku anayotaka, na kila mara bibi alimshukuru, akampa mihogo. Hakuwa na kinyongo naye. Hata hakuacha kumtetea: watu wakimlaani, bibi alikuwa anasema, "Aliyokuta aliyakuta." Siku nyingine nilimwona amesimama pale mpakani, mkono juu ya mti wenye rangi nyekundu, akitazama ndani kama mtu anayechungulia nyumba aliyowahi kuishi.

Jirani naye, sikumbuki ni baada ya muda gani, akaanza kutuletea bakuli jioni, limefunikwa kawa. Ndani ming'oko iliyochemshwa. Bibi alikuwa anatugawia sisi na babu, yeye hagusi. Na bakuli la mtu halirudi tupu, kwa hiyo alikuwa analirudisha na mahindi kidogo au majani ya kunde. Bakuli lile lilivuka ule uwanja miaka na miaka. Hawakusema neno kuhusu mashimo, si mbele yetu.

Alijaribu kupanda. Aliomba vichwa kwa watu, akavifukia chini ya mkorosho nyuma ya nyumba. Vingine viliota, vikapanda mti vizuri, tukafurahi. Tulipochimba tulikuta nyuzi. Bibi akasema mmea ule haupendi kuonwa sana. Inawezekana ilikuwa ardhi tu, au ile dawa ya unga tuliyokuwa tunapuliza korosho. Mimi sijui.

Bwana miti alihamishwa. Aliyemfuata alikuwa hakai kijijini, na mbao zikaanza kutoka mchana, kwenye malori. Kibao kilianguka, mtu akakifanya mlango wa banda la mbuzi. Nilipokuwa nimeshaolewa huku mjini, mume wangu kuli bandarini, kila nilipokwenda kusalimia nilikuta ukingo wa msitu umesogea, na mashamba ya korosho na ufuta yamesogea nyuma yake kama watu kwenye foleni. Siwezi kusema katazo ndilo lililoua, maana misumeno ilikuwepo kabla yake. Wala siwezi kusema tungeachwa na desturi zetu tungeulinda, maana tulikuwa wengi, na njaa ilikuwa inajua njia. Labda hata kama kila mtu angefukia kichwa, isingetosha. Ila tulikuwa na kitu tunachokifanya kwa mikono yetu wenyewe, na ukishaingia kwa kuvizia hukifanyi. Hilo tu ndilo ninaloweza kulisimamia.

Bibi alifariki wakati wa ukungu. Alizikwa kwenye shamba la familia, si mbali na ule mkorosho. Sisi wanawake hatukwenda maziko, tulibaki ndani na vilio vyetu. Baada ya arobaini, asubuhi, jirani akanigongea. Alikuwa mzee sasa, watoto wake wametawanyika. "Nipeleke kwa mama," akasema.

Tukaenda. Alisoma Fatiha, mimi nikaitikia. Nikadhani tutaondoka. Yeye akakaa chini, akatazama ule udongo mwekundu uliokuwa bado haujashikana, na akaanza kuzungumza kama anaendelea na mazungumzo ya jana.

"Ukiwa unaiba, mama, kila jani ni mguu wa mtu. Nani atakaa afukie? Nilikuwa nasema kesho nitarudi nifukie. Kila siku nasema kesho."

Hakuwa ananiambia mimi.

Akaokota majani makavu ya mkorosho, akayatandaza juu ya kaburi, polepole, hadi akaridhika. Kisha akapigapiga kwa kiganja. Cha kushoto. Akasema kwa Kimakonde yale maneno ambayo sikuwa nimeyasikia tangu utotoni. Lala, mwakani tuonane. Mwaka uliofuata na yeye akazikwa, kwa hiyo hakumdanganya.

Komba siku hizi hawaamshi mtu kule. Nililala kwa mjomba hivi karibuni, nikaamshwa na simu. Hondohondo sikuwasikia. Sange watoto wananiuliza ni nini, nikieleza pua yake wanadhani natunga. Chemchemi ipo, ila ndoo inajaa taratibu kiasi kwamba wanawake wanakwenda na ususi. Ile miti ambayo mwalimu alisema haimo popote duniani, sijui kama bado imo hata pale. Nilipaswa kuitazama nilipokuwa naicheka.

Basi juzi nilichemsha ile ming'oko ya Rahaleo. Maji yakawa kahawia, nyumba ikanukia. Binti yangu mdogo akala kwa chumvi na pilipili, akaipenda, nikafurahi. Vichwa alivipanga kwenye ukingo wa sahani.

"Mama, na hivi?"

"Hivyo haviliwi."

Akavitazama, akakigusa kimoja kwa kidole.

"Sasa kama haviliwi," akauliza, "walivileta huku vya nini?"